Mama Alifaulu Kipimo cha Macho

Mpaka leo nikisikia mtu anaambiwa "jikaze" damu inanichemka. Neno hilo ndilo lililomla mama yangu jicho la kulia, na waliolitamka wako majumbani kwao wanatazama televisheni kwa macho yote mawili.

Mama alikuwa polisi. Alitoka kaskazini akiwa binti, akavaa sare, akatulea katika kambi moja hapa Kampala, chumba kimoja cha mabati chenye pazia katikati. Baba naye alikuwa polisi. Alipofariki, mama alirudi lindoni kabla turubai la matanga halijaondolewa uani. Watu wakamsifu. Mjomba, kaka yake, afande mwenye nyota begani, alisimama mbele ya waombolezaji akasema dada yake ni askari kamili. Nilitamani kumrushia kikombe cha chai.

Sababu ya haraka ile kila mtu kambini aliijua. Askari akionekana amezama katika mawazo, hali chakula, hasemi na wenzake, ananyang'anywa bunduki na kupewa kazi ya kufagia stoo, na kambi nzima inajua kwa nini. Hakuna anayemuuliza kinachomuuma. Kwa hiyo walijifunza kujibu. Ukimuuliza mtu hali yake, anabana mikono mapajani na kupaza sauti: "Muzima, afande!" Mama alijibu hivyo miaka na miaka. Nyumbani alikaa ukingoni mwa kitanda na sare yake, akitazama ukuta, huku vidonge vya presha alivyopewa zahanati vikishika vumbi juu ya kabati.

Alistaafu hivyo hivyo. Halafu akaanza kumwaga chai kando ya kikombe. Nikimuuliza, anasema kikombe ni kibaya. Nikanunua vikombe vingine, navyo vikawa vibaya. Mwishowe niliomba ruhusa kwa Wakenya ninaowafanyia kazi Nakasero, wauza vipuri vya magari, nikampeleka kliniki ya macho.

Muuguzi alimfunika jicho la kushoto akamwambia asome herufi zilizo ukutani. Akazisoma zote. Jicho la kulia, hilo hilo la kumwaga chai, likasoma mpaka mstari wa chini kabisa, kwa sauti ya gwaride, bila kusita. Muuguzi akaandika kwamba mama anaona vizuri.

Kisha nikakumbuka. Benchi letu lilikuwa karibu na mlango, na wagonjwa waliotutangulia walisoma herufi zile zile kwa sauti. Mama alikuwa amekaa kimya, midomo ikichezacheza. Nilidhani anasali.

"Mama, umekariri?"

"Sisi yote tulikuwa tunafanya hivyo," akaninong'oneza.

Kambini, siku ya kupimwa afya, wa mbele husoma kwa nguvu na wa nyuma hushika, ili asiachishwe mtu kazi. Mama yangu alikuwa amekuja hospitali kufaulu! Sikumwonea huruma. Nilitaka kumtikisa mabega. Nikamweleza muuguzi yote, kwa sauti, mama akinifinya mkono.

Daktari, mwanamke wa makamo kutoka Kenya, alimtia matone ya kupanua mboni, akasubiri, akachungulia kwa taa yake muda mrefu. Alisema mishipa ya damu ya nyuma ya jicho imesinyaa, mingine inavuja. Upande wa kulia umevuja siku nyingi. Akauliza habari za presha. Halafu akauliza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

"Mama, usiku unalala? Kuna kitu bado kinakufurahisha?"

Mama akanyoosha mgongo kitini. "Muzima, afande."

Daktari hakucheka. Alituambia kwamba jicho ni dirisha: hapo anaiona mishipa ya damu bila kumpasua mtu. Presha ndiyo iliyoiharibu ya mama, lakini kuna ugonjwa wa huzuni, sonona, ambao mara nyingi huonekana pamoja na mishipa iliyochakaa namna ile. Wataalamu bado wanachunguza kipi kinachokivuta kingine. Alichokuwa na hakika nacho yeye ni kwamba mtu asiyelala, asiyeona sababu ya kuamka kesho, hamezi vidonge.

"Nikitibu jicho nikuache na huzuni yako," akamwambia, "hili la kushoto nalo litaenda."

Akatuelekeza sehemu mbili, moja ya sindano ya kuliokoa jicho la kushoto, nyingine ya daktari wa akili. Nikampigia mjomba simu hapo hapo kwenye korido, maana yeye ndiye mwenye gari.

"Mambo ya macho sawa, mimi natuma gari," akasema. "Lakini huko kwa wendawazimu usipeleke yeye. Watu watasema nini? Ambia yeye ajikaze."

Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikakata simu. Wagonjwa wote wa korido walikuwa wamenigeukia. Wacha wageuke. Daktari aliniita mlangoni tuongee peke yetu, nami nikamwahidi kwamba mama atafika kote kuwili, hata kama nitambeba mgongoni.

Tulipotoka, vijana wa bodaboda walituita kutoka ng'ambo ya barabara. Mama alinishika mkono.

"Dokta alisema nini na wewe pale mlangoni?"

"Jicho la kulia halirudi, mama."

Mabega yakapanda, kidevu kikainuka. "Sawa. Hakuna shida."

Hapo nikalipuka. "Shida iko! Iko, mama! Baba alikufa, jicho limekufa, na hujawahi kulia hata siku moja! Lia!"

Mama akageuza uso kidogo, jicho la kushoto likanipata.

"Wewe lia kwanza, nione," akasema taratibu. "Mimi sijui inaanzia wapi."

Nikafungua mdomo nilie. Yakatoka matusi.