Kivuli cha Jirani Juu ya Sola Yangu

Kila baada ya swala ya alfajiri nilimshukuru Mungu kwa ile paneli juu ya bati. Umeme wa kawaida tunao hapa Mbagala, lakini ukikatika, friji ndogo ya mke wangu ilikuwa ikiendelea kwa nguvu ya jua. Humo anahifadhi insulini yake, dawa isiyovumilia joto letu.

Mwaka jana jirani yangu, muuza samaki, akapandisha ghorofa. Tulisoma naye chuo kimoja cha Kurani utotoni, na hadi leo tunasimama safu moja msikitini. Hakuniuliza. Ukuta ulipofika juu, paa langu lote likawa kivulini toka asubuhi, na betri ikawa haijai tena.

Nilimfuata barazani kwake.

"Shehe, tulifundishwa sote: usinyanyue jengo ukamzibia jirani upepo bila idhini yake."

Akacheka mbele ya mafundi wake. "Upepo, mzee mwenzangu! Upepo tulisoma. Hilo jua wewe ulilisomea wapi?"

Mafundi wakaangua kicheko.

"Dawa ya mke wangu itaharibika."

"Basi vuta waya kwenye jenereta langu. Linagandisha samaki gunia zima, litashindwa na vichupa vya shemeji?"

Jenereta hilo linatema moshi wa dizeli kwenye dirisha letu. Nikamwambia heri ninywe maji ya bahari kuliko kutumia umeme wake, nikaondoka nimevimba.

Mke wangu alikuwa amesikia yote. Kuta zetu zimebanana.

"Bahari utakunywa wewe," akasema. "Sindano nachoma mie. Nenda kachukue huo waya."

Nikaenda. Jirani alinipitishia waya dirishani kwa mkono wake mwenyewe, akitabasamu, na tabasamu lile liliniudhi kuliko tusi.

Sasa umeme ukikatika, jenereta linanguruma, moshi unaingia hadi chumbani, friji inabaki baridi na mke wangu ni mzima. Kwa hilo namshukuru Mungu. Jirani bado sijamshukuru. Subira yangu haijafika huko, naiombea. Tukikutana mlangoni mwa msikiti, akinisalimu naitikia kikamilifu, maana kuitikia salamu ni wajibu. Kuianza ni sunna, na sunna hiyo nimemwachia yeye.