Shanga Mbili za Kaka Salumu

Naikumbuka Jumamosi moja, saa kumi alasiri, kaka yangu Salumu alipoulizwa rangi ya kitambaa kilichoning'inia juu ya kichwa chake. Akakosea, na gari aliloahidiwa likaenda kwa mtu mwingine. Aliyesababisha akaulizwa ni mimi, mdogo wake wa tumbo moja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Mwanangu, ngoja nirudi nyuma kidogo, maana ukianzia hapo hutaelewa.

Tulikuwa tunakaa Temeke, mimi, Salumu na mama. Baba alifariki mimi nikiwa darasa la tatu, na Salumu ndiye aliyeacha shule akaenda kuwa utingo kwenye tipa la kokoto ili mie niendelee kusoma. Hakuwahi kunikumbusha hilo hata siku moja. Aliniita Dogo. Aliniita hivyo nyumbani na barabarani, hata mbele ya walimu wangu.

Mtaa wa pili kutoka kwetu kulikuwa na banda la mabati lenye meza moja ya pool. Mwenyewe alikuwa Mzee Kibwana, mstaafu wa bandarini, mtu mfupi, msafi, asiyependa kelele. Pombe haikuingia pale. Mkewe aliuza juisi ya ukwaju dirishani. Juu ya meza, kutoka nguzo hii hadi ile, mzee alifunga nyaya mbili sambamba, na kwenye nyaya hizo akatunga shanga kubwa za mbao alizozikata kwenye pazia lao la zamani la mlangoni. Kumi nyekundu waya huu, kumi nyeupe waya ule, na katikati kaning'iniza kitambaa kilegevu, ushanga unapita chini yake. Ukishinda mchezo mmoja, ushanga wako mmoja unavushwa kitambaa. Wa kwanza kuvusha kumi ndiye mshindi wa siku.

Vijana hawakumwacha mzee apumue kwa zile shanga.

"Mzee Kibwana, sema kweli, umemvua nani kiunoni?"

"Za mama yako," anajibu bila kugeuka. "Aliziacha hapa akaniambia siku ukikua nikufundishie kuhesabu."

Banda lote linacheka, na aliyeuliza ndiye anacheka zaidi.

Sasa sikiliza, maana mambo yote yapo hapa. Pale kwa Mzee Kibwana hukuruhusiwa kujivushia ushanga wako. Aliyefungwa ndiye anayeinua fimbo, anausukuma ushanga wa mwenzake kwa ncha yake hadi uvuke kitambaa, huku akisema kwa sauti, "Nimekupa." Aliyeshinda anajibu, "Nimepokea." Basi, mnapanga mipira upya. Hata uwe umekasirika vipi, hata mwenzako awe amebahatisha, lazima mkono wako mwenyewe umpe. Wageni walishangaa. Sie tulishazoea kiasi kwamba mama zetu walitusikia tukisema "nimekupa" hata tunapopeana kikombe cha chai.

Salumu ndiye aliyekuwa bora pale. Alikuwa anainama juu ya meza hadi kidevu kinagusa fimbo, anatulia, anapiga, mpira unaingia shimoni kama umetumwa. Mimi sikuwahi kumfunga siku nzima hata mara moja. Nilikuwa namfunga mchezo mmoja mmoja, lakini kumi anatangulia yeye. Watu pale hawakunijua kwa jina langu. Nilikuwa "mdogo wake Salumu". Huwezi kuamini jinsi jambo dogo kama hilo linavyoweza kumchoma kijana anayetunzwa na mtu huyohuyo.

Mwezi wa Ramadhani mwaka ule niliona kitu. Tulikuwa tunatoka msikitini, jirani yetu akapita upande wa pili wa njia, akampungia Salumu mkono. Salumu hakujibu. Jirani alipotamka, "Salumu, leo umenikasirikia?" ndipo kaka akageuka kwa tabasamu pana akamsalimia. Nikaanza kumchunguza. Alikuwa anawatambua watu kwa sauti. Ngazi ya nyumbani aliipapasa kwa mguu kabla ya kukanyaga. Na bandani, kila baada ya mchezo, alikuwa anauliza kama utani, "Haya, zimefika ngapi huko juu?" na mtu anamtajia. Cha karibu chenye mwanga, kama mipira mezani, alikiona. Cha mbali, au cha kule juu kwenye kivuli cha mabati, kilikuwa kinamkimbia.

Sikumwambia mtu, wala yeye mwenyewe sikumwambia. Nilijiambia ni aibu kumuuliza mtu mkubwa habari za macho yake. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Miezi mitano ikapita. Tajiri wa Salumu, mtu mmoja wa Kibamba tuliyemwita Mangi, akatangaza kwamba dereva wake wa zamani anarudi kwao, na tipa atapewa Salumu. Leseni alikuwa nayo, ameikata kabla macho hayajaanza kumsumbua. Mama alipika pilau siku ya habari ile. Salumu alikula kidogo, akasema amechoka. Leo najua alikuwa anaogopa. Wakati ule nilidhani anaringa.

Basi ikafika Jumamosi yenyewe. Mangi alisema angepitia bandani jioni amkabidhi ufunguo, ili Jumatatu Salumu aanze safari za Kunduchi kuchukua kokoto. Salumu akasema, "Dogo, tucheze kumi ya mwisho, kuanzia wiki ijayo sina nafasi ya kukufunga."

"Leo unafungwa wewe," nikamwambia.

"Inshallah. Lete chaki."

Alinifunga wa kwanza, nikamvushia. Nikamfunga wa pili, akanivushia. Tukaenda hivyo hadi akawa na tano, mimi nne. Siku ile hakuuliza zimefika ngapi juu, alikuwa anahesabu kichwani. Akanifunga tena. Nikainua fimbo kumpa wa sita, na sijui ni shetani au ni mimi mwenyewe, nikaugonga ushanga wake mweupe ukalia ko! dhidi ya mwenzake, nikasema kwa sauti, "Nimekupa." Sikuuvusha.

Salumu alikuwa ameinama anapanga mipira. Akajibu, "Nimepokea."

Mwanangu, niliogopa kuonekana. Nikatazama huku na huku. Watu wanabishana habari za mpira, juisi inapita, hakuna aliyeangalia juu. Michezo miwili baadaye nikafanya tena. Ko! Nimekupa. Nimepokea. Mara hii sikuogopa hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Mangi akaingia wakati tunamalizia. Watu wakampisha, akaegemea nguzo, ufunguo unazunguka kidoleni. Salumu akazamisha nyeusi kwa pembe ambayo mimi nisingethubutu kuijaribu. Safari hii nilimvushia kweli. Akasimama wima, akaweka fimbo mezani.

"Kumi. Dogo, pole."

"Kumi za wapi?" nikasema. "Una nane, kaka. Mie saba."

"Nina kumi. Nimehesabu."

Jamaa mmoja akadakia, "We Salumu, usituletee udereva kabla hujapewa gari! Angalia juu, nane hizo!"

Kicheko. Mwingine akasema, "Zihesabu mwenyewe, braza, waya hausemi uongo."

Salumu akainua uso. Akanyoosha kidole akaanza, moja, mbili, tatu, polepole, na kidole chake kilikuwa kinapita mahali ambapo hapakuwa na kitu, waya mtupu. Alipofika tisa kicheko kilikuwa kimepungua. Alipofika kumi kilikuwa kimekwisha.

Mangi akaacha kuzungusha ufunguo. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kwa upole kabisa.

"Salumu, kile kitambaa cha katikati ni rangi gani?"

"Cheupe," kaka akajibu haraka.

Kilikuwa cheupe miaka yote. Ijumaa, siku moja kabla, mke wa Mzee Kibwana alikuwa amekibadilisha akafunga chekundu.

Mzee Kibwana akainuka kwenye kiti chake, akaja hadi mezani. "Salumu ana kumi," akasema. "Mdogo wake mara mbili amegonga hakuvusha. Nimemwona. Nilikuwa nasubiri wamalize nimwite pembeni, na nimechelewa. Hilo ni kosa langu mie."

Kaka akageuka upande niliosimama. "Dogo?"

Sikujibu. Akasubiri kidogo, kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe, kisha akachukua fimbo yake akaipeleka ukutani zinapowekwa. Alipapasa mara tatu kabla ya kupata tundu. Tangu hapo hakujificha tena.

Mangi akatia ufunguo mfukoni. Alimshika Salumu bega wakatoka pamoja, wanaongea chini chini.

Mimi nilibaki na Mzee Kibwana. Nilitegemea matusi. Akaniuliza tu, kama karani anayejaza fomu.

"Ulijua haoni?"

"Nilijua, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Ulimwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Ukakaa nalo miezi mitano, halafu ukaona ulifanyie mchezo." Akatikisa kichwa. "Unasubiri akupige? Hatakupiga. Ungepata nafuu angekupiga. Nenda nyumbani, Hamisi."

Ndiyo mara ya kwanza mtu kunitaja kwa jina langu bandani pale.

Salumu hakunipiga. Hakunitukana wala hakuninunia. Kesho yake asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo kaka," akaitikia, "Marahaba, Bwana Hamisi." Bwana Hamisi! Kwa heshima zote, kama anayemsalimia mjumbe wa nyumba kumi. Alinipisha nipite mlangoni. Aliniuliza habari za kutwa. Kwa miaka tisa, Mwanangu, kaka yangu aliniheshimu, na sijawahi kupewa adhabu kubwa kuliko ile heshima.

Wiki ile ile mama alimpeleka hospitali. Wakasema ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda, la kulia wakalishika kwa dawa. Daktari alimuuliza mama kama kuna mtu nyumbani aliona dalili mapema, maana miezi michache ingeweza kuleta tofauti. Mama akasema hakuna. Nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi. Nikanyamaza tena, mara ya tatu.

Watu wengine wamenifariji. Wanasema, ungemwacha angeendesha tipa lile akaua watu, kwa hiyo hila yako ilikuwa na heri. Nimelipima jambo hilo sana. Huenda ni kweli kwamba Mungu aliwaokoa watu wa barabarani siku ile. Lakini mimi sikugonga ule ushanga kwa ajili yao. Niligonga kwa sababu nilijua haoni. Ningetaka kuwaokoa, nilikuwa na miezi mitano ya kumwambia tukiwa wawili tu uani, hakuna anayecheka.

Salumu akahamia Kunduchi, akafungua kibanda cha kuuza barafu kwa wauza samaki. Kazi ya mikono na sauti, na aliiweza. Mimi nikajifunza ushonaji wa viti vya magari, nikaoa, nikajenga Madale, kule kwenye vilima. Tulionana misibani na sikukuu. Bwana Hamisi, habari za huko mlimani. Nzuri, kaka.

Mwaka wa tisa mama akaugua. Siku anaruhusiwa wodini, muuguzi akatupa dawa na karatasi ndefu ya maelezo. Salumu akaishika, akaisogeza puani, akaniletea. "Nisomee."

Nikasoma. Mahali palipoandikwa kwa herufi ndogo kwamba dawa moja inaweza kumdhuru mtu mwenye umri wa mama, nilisita. Nilitaka kuruka, asipate wasiwasi. Nikasoma neno kwa neno, kisha nikamwambia, "Kaka, kuna jambo jingine sikulisema hospitali siku zile. Mimi niliona tangu Ramadhani. Nilinyamaza."

Mama alikuwa anatutazama kutoka kitandani.

"Nilijua," Salumu akasema. "Ulikuwa unatembea kushoto kwangu, upande wa jicho lililokufa, tangu Ramadhani. Nikasema, huyu ameona, ataniambia. Nikawa nakusubiri." Kisha akasukuma karatasi mkononi mwangu. "Soma tena hiyo ya chini, Dogo."

Nikaisoma tena, polepole.

Basi Mwanangu, nikuambie ninachokijua. Ukiona udhaifu wa mtu, umeshapewa kazi. Mwendee faraghani, siku ileile, umwambie kwa lugha nzuri, hata kama ni mkubwa wako, hata kama atakukasirikia. Usijidanganye kwamba kunyamaza ni adabu. Mimi kwanza nilisema kunyamaza kwangu ni adabu, na baadaye kukawa nafasi ya kumwibia. Na siku mwenzako akikushinda, iwe ni mchezo, kazi, au mapenzi ya watu, mpe haki yake kwa mkono wako na isogee kweli. Anayekuamini bila kutazama ndiye wa kumtendea haki kuliko wote. Na ukishakosea usikae miaka tisa kama mimi. Sema lote, pamoja na lile ambalo unadhani hakuna anayelijua. Mara nyingi wanalijua, wanakusubiri tu.

Mungu akupe macho ya kuwaona ndugu zako na ulimi wa kuwaambia mapema. Akupe watu wa kukuita jina lako la nyumbani mpaka uzee. Amina.

Salumu sasa yuko kwangu Madale. Jicho la kulia limeota mtoto wa jicho, na Jumanne wanalipasua. Ameomba niwe mimi wa kumwongoza hadi mlango wa chumba cha upasuaji na kumpokea akitoka. Daktari ametuambia wazi kwamba kwa sababu ya ile presha ya zamani hawezi kuahidi kitu. Bandeji ikitolewa Jumatano, ama ataona ama hataona. Leo ni Jumapili.