Mbayuwayu Juu ya Kaburi

Shule mimi niliiacha kwa sababu ya shamba la wimbi. Siku hizo kule Nyacheki chai haikuwa imejaa hivi, na wimbi likianza kukomaa lazima mtoto akae shambani kutwa nzima afukuze ndege. Nilipewa kombeo na debe bovu la kugonga. Mwalimu alipotuma watu waniulizie, baba akasema, "Mwambieni aje ale hizo herufi zake." Na debe lenyewe mama alilitaka la kuwekea mbegu, wakagombana, lakini hayo tuyaache. Nasema tu kwamba ndege sikuwapenda. Ndege alikula chakula chetu, akala na shule yangu.

Kwa hiyo kijana wangu wa kwanza alinishangaza. Kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi na matanga, Sironga mpaka Nyakoe, na ile kamera kubwa ya kubadilisha lenzi. Akikosa kazi, anawapiga ndege. Siku moja alinionyesha kwenye kioo cha kamera mbayuwayu akienda polepole sana, bawa linapanda kama mama anayekung'uta shuka.

"Tata, ona. Hapa hakuna kinachoharakisha."

"Mbona halii?"

"Kamera ikipiga polepole hivi haichukui sauti."

Mama yao akafa. Binti yangu anafanya kazi za nyumbani Uarabuni, na tajiri wake akamnyima ruhusa. Alilia kwenye simu: "Kaka, nipigie video mama akiteremshwa. Nisipoona sitaamini." Kaka yake akaahidi. Mdogo wangu alitaka tutafute mpiga video mwingine, maana mwana wa kwanza anatakiwa kando ya kaburi, atupe udongo. Kijana akakataa. "Mama yangu nitampiga mimi."

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Tulipofika kaburini kumbikumbi walikuwa wanatoka ardhini kwa wingi, na mbayuwayu wakaja kuwala juu ya vichwa vyetu, watu wanaimba. Mimi macho yalikuwa yamejaa maji, sikuona sawasawa. Nilijiambia, si kitu, nitaona kwenye video.

Huku kwetu sasa mazishi hayajaisha mpaka video itazamwe. Tukakaa mbele ya televisheni, ukoo mzima, na simu tukaiegemeza kwenye thamosi ili binti yangu naye aone. Mwanzo ulikuwa mzuri. Kwaya, mahubiri, jeneza likitoka nyumbani. Halafu wimbo ukakatika katikati.

Mbayuwayu. Bawa linapanda, linashuka. Kumbikumbi anadondosha ubawa mmoja, unachukua muda kuanguka. Chini kabisa ya picha mpini wa jembe unachungulia, unapotea tena. Kimya.

"Mama yuko wapi?" binti yangu akauliza kwenye simu.

"Mama yako ameota mabawa," mdogo wangu akasema. Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

"Rudisha nyuma," shangazi yao akasema.

"Hakuna ya nyuma," kijana akajibu.

"Kumbe tulikuja kuzika ndege! Tungejua tungebeba mtama," mdogo wangu akaongeza.

Kijana hakumtazama. Aliongea na ile simu. "Nilijaribu kuishusha kamera. Mkono ulikataa."

"Kaka, uliniahidi."

"Ndiyo."

"Uliniahidi. Mimi sasa nitamwona wapi?"

Kwenye televisheni ndege walikuwa bado wanazunguka, na hakuna aliyekumbuka kuizima. Hata mimi nilikuwa nangoja nimwone mke wangu, nilifikiri labda atatokea mwishoni. Ikafika mwisho, kioo kikawa cheusi.

Kijana akaiweka kamera mezani kando ya simu, akavaa gambuti zake mlangoni.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Kufunga ng'ombe, Tata."

Ng'ombe nilikuwa nimeshamfunga mimi mwenyewe, na yeye aliniona nikimfunga. Akapita katikati ya chai, mwendo wa kawaida tu, akashika njia ya barabarani. Hakurudi tena.