Mama wa Stesheni na Birika la Chai

Juzi jioni nilikuwa katika hoteli moja ndogo ya Kisumu, na mhudumu akaniwashia dawa ya mbu, ile ya kijani iliyojizungusha kama nyumba ya konokono. Moshi wake uliponifikia puani, nilikaa kitandani nikacheka peke yangu. Ninyi mkiinusa dawa hiyo mnafikiria mbu. Mimi nafikiria sinema. Ndani ya moshi ule kuna pareto, na shamba la pareto ndilo lililokuwa ukumbi wangu wa kwanza wa sinema, kule kwetu Sironga, kabla sijaona hata taa ya umeme.

Miaka ile ya sitini ikielekea sabini, karibu kila boma kwetu lilikuwa na kipande cha pareto. Maua yake ni meupe yenye kitovu cha njano. Ukiyachuma kutwa, mikono hushika harufu chungu ambayo sabuni haiitoi, na ukisahau ukajikuna jicho, utalia bila msiba. Wanawake hawakuchuma peke yao. Walikuwa na egesangio, yaani kikundi cha kusaidiana: leo shamba la huyu, siku nyingine la yule, mpaka zamu izunguke na kurudi ilikoanzia. Kila mmoja alichukua mstari wake na kikapu chake, na kwa kuwa mistari ilikwenda sambamba, mmoja akisema, kumi walisikia. Mikono ilikuwa ya wote. Mdomo ulikuwa wa shangazi yangu Kerubo.

Shangazi Kerubo, dada yake Baba, alikuwa fundi cherehani kwenye veranda ya duka la Mhindi mmoja mjini Kisii. Kila baada ya wiki mbili tajiri wake alimpa Jumapili na Jumatatu. Jumapili mchana aliingia sinema, kisha akapanda basi la jioni kuja kwetu, na Jumatatu asubuhi alikuwa kwenye mstari wa katikati, ambao aliachiwa kwa heshima ili pande zote zimsikie. Picha zilikuwa za Kihindi. Kihindi alichokijua Shangazi kilikuwa cha vitambaa, vifungo na kuambiwa aharakishe, lakini hilo halikumzuia kutuletea kila neno la steringi, kila jibu la adui, na nyimbo zote sita, tena kwa sauti mbili, ya kiume na ya kike. Farasi alipohitajika, kikapu kiligeuka farasi. Nilimwona akiwa polisi watatu kwa wakati mmoja, na wote watatu walikuwa na mwendo tofauti.

Wanawake wengi wa egesangio walikuwa Wasabato, na mzee wa kanisa alikuwa ametamka wazi kwamba kuingia sinema ni dhambi. Kuhusu kusimuliwa sinema katikati ya pareto hakuwa amesema lolote, na hakuna aliyetaka kumsumbua kwa swali. Basi wakawa wapenzi wa sinema ambao hawajawahi kuona hata moja, na tangu hapo sijakutana na wahakiki wakali kama wao. Waigizaji waliwapa majina wenyewe: Mwenye Shingo, Macho ya Ndama, Masharubu. Walibishana wiki nzima kama Macho ya Ndama alistahili kupewa picha nyingine baada ya kuiboronga ile ya harusi. Masharubu walimheshimu sana, maana alikuwa adui ambaye hata ukiwa umelala njaa ungepata nguvu za kumchukia. Wakati mmoja jirani yetu Bosibori alisimamisha wimbo wa mapenzi katikati ili aulize: "Huyo steringi akiimba mlimani kutwa nzima, ng'ombe wake wanakamuliwa na nani?" Steringi yule alishuka cheo siku hiyohiyo.

Lakini kipimo kikuu kilikuwa kilio. Kwetu kulia msibani kulikuwa na ufundi wake. Aliyefiwa alipiga yowe, akakimbia uani huku na huku, akajitupa chini, akamwita marehemu kwa jina na kumuuliza amemwachia nani. Watu walisikiliza, na miaka kumi baadaye bado walikumbuka nani alilia vipi. Bingwa wao alikuwa Kwamboka, mama mwembamba wa makamo ambaye sauti yake ilivuka mabonde mawili bila kuchoka. Kwa hiyo kila Shangazi alipomaliza picha, wote walimgeukia Kwamboka na kumuuliza kuhusu mwigizaji mkuu: "Huyu amelia?" Kwamboka akisema amelia, amelia. Akitikisa kichwa, basi tena, mwigizaji amekwisha. Hukumu yake haikukatiwa rufaa.

Mwaka nilipotimiza miaka tisa, surua ilipita kijijini ikamchukua mdogo wangu Mokaya, aliyekuwa na miaka mitatu. Siku ya mazishi Mama hakulia. Hakupiga yowe, hakukimbia, hakumwita mwanawe. Alisimama kwenye meza iliyowekwa uani, birika mkononi, akawamiminia watu chai tangu asubuhi, mfiwa mwenyewe, kana kwamba msiba ulikuwa wa jirani. Mimi nakumbuka machache: shuka jeupe, sauti ya Kwamboka akitulilia, na tope chini ya ile meza ya chai, siku ambayo mvua haikunyesha.

Watu wakaanza kusema. Mama asiyemlilia mwanawe ana nini moyoni? Anajua nini kuhusu kifo hicho? Hakuna aliyemwambia usoni, lakini zamu yetu ya egesangio ilipofika, huyu alikuwa na mgeni na yule aliumwa mgongo. Zamu ya pili ikapita vivyo hivyo. Mama aliendelea kwenda kuwachumia wengine, akaachiwa mstari wa pembeni kabisa, huku maua yetu yakizeeka na kugeuka kahawia. Pareto iliyozeeka shambani ilikataliwa na chama cha ushirika, na bila pareto nisingerudi shule. Mimi na Mama tulichuma wawili tangu alfajiri na hatukufika hata nusu. Nilijua kwamba zamu ya tatu wasipokuja, tumetengwa kabisa.

Hapo ndipo Shangazi alipoleta picha ya stesheni. Ilikuwa likizo ya Agosti, Jumatatu, katika shamba la Kwamboka, na zamu iliyofuata ilikuwa yetu.

Alisimulia taratibu kuliko kawaida yake. Mama mmoja amempoteza mtoto wake wa kiume katika umati wa stesheni ya reli. Haondoki tena pale. Anakuwa muuza chai, na kwa miaka ishirini anatazama kila uso unaoshuka kwenye treni. Siku moja anashuka kijana, afisa wa reli mwenye kofia, na shingoni ana alama ileile aliyozaliwa nayo mtoto. Kijana anaagiza chai. Mama anamtambua.

Hapo Shangazi aliweka kikapu chini akasimama wima. Alishika birika ambalo halikuwapo, na kwa mkono wa kushoto kikombe ambacho hakikuwapo, akaanza kumimina. Hakusema neno, wala uso wake haukubadilika. Alimimina, akamimina, nasi tukakiona kikombe kikijaa, kikafurika, chai ikamwagikia mkononi, ikamwagikia miguuni, naye bado anamimina, macho yake yako kwa kijana. Hakuna aliyechuma hata ua moja. Nilisahau kwamba yule ni shangazi yangu mwenye kovu la pasi mkononi.

"Halafu?" Bosibori akauliza.

"Halafu basi. Hakulia."

Pakawaka moto. Miaka ishirini, halafu asilie? Mwigizaji gani huyo? Mmoja alisema Macho ya Ndama, pamoja na upungufu wake wote, angalau angepiga yowe moja. Mwingine alisema huenda machozi yalimkauka njiani. Shangazi alisimama pale akimtetea mwigizaji wake kama wakili. "Kulia hata mimi naweza, nipeni kitunguu," alisema. "Nimewaona wengi wakilia, na sijamwona mwingine kama huyu. Huyu ndiye mkubwa wao wote."

Nami, wenzangu, nilikuwa na miaka tisa, na nilitaka sana kuhesabiwa miongoni mwa wahakiki. Nikapaza sauti: "Hajui kuigiza! Mama wa kweli angelia!"

Niliwatazama nikitegemea sifa, nikaona kila mtu anaangalia ndani ya kikapu chake. Mpaka leo nikikumbuka uso unaniwaka. Kisha kutoka mstari wa pembeni kabisa nikaisikia sauti ya Mama, ambayo hatukuwa tumeisikia shambani kwa muda mrefu.

"Mimi naona aliigiza vizuri," alisema. "Mkono ukishaanza kumimina, hujui namna ya kuusimamisha."

Hayo ndiyo maoni pekee kuhusu sinema aliyoyatoa Mama maisha yake yote. Waswahili husema aisifuye mvua imemnyea. Kwamboka hakuijua methali hiyo, maana Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, lakini nadhani aliielewa siku ile kuliko sisi tunaoifundisha darasani. Alimtazama Mama kwa muda mrefu. Bosibori, kwa mazoea tu, akamuuliza lile swali lao: huyu amelia? Kwamboka akainama akachuma ua moja.

"Amelia," akasema.

Siku ya zamu yetu niliamka mapema nikaenda kusimama njiani. Jua lilianza kupanda, njia ikiwa tupu, nami nikajua tayari kwamba hawaji. Kisha nikasikia vikapu vikigongana. Kwamboka alikuwa mbele, na nyuma yake kikundi chote, hata yule wa mgongo. Kwamboka alimshika Mama mkono akampeleka mstari wa katikati, ule wa Shangazi, yeye akachukua wa jirani yake.

Katikati ya asubuhi, bila kuombwa na mtu, Kwamboka akaanza kumlilia mama wa stesheni. Alimwita, akamuuliza ni nani aliyemwachia birika zito namna ile, akamuuliza mbona hakutuita tumshikie. Wengine wakapokea, mstari mmoja baada ya mwingine. Mimi nilificha kicheko kwenye kiganja. Watu wazima, saa nne ya asubuhi, wanamlilia mwanamke wa Kihindi ambaye hawajawahi kumwona! Mama aliendelea kuchuma mpaka mwisho wa mstari, kisha akaketi chini kati ya maua, akalia. Alilia vibaya, bila ufundi wowote, kamasi zikimtoka, na hakuna aliyemhukumu. Nilifurahi. Nilidhani hatimaye Mama naye amekuwa mpenzi wa sinema.

Maua yetu yalimalizika siku ile kabla ya jua kutua, nami nikarudi shule.

Miaka mingi imepita. Mwaka jana binti yangu aliitafuta picha ile kwenye kompyuta yake, maana jina lake sikuwahi kulisahau. Sitalitaja hapa, wasije wapenzi wake wakanishtaki. Ni picha nzuri. Stesheni ipo, umati upo, kijana yupo na kofia yake na alama yake shingoni. Mama naye yupo, lakini hauzi chai. Anauza bangili. Na anapomtambua mwanawe anapiga yowe, anajipiga kifua, anaanguka sakafuni, anamwita kwa jina mpaka treni inaondoka. Alilia kilio ambacho Kwamboka angekitolea ushahidi popote. Nilimwomba binti yangu arudishe nyuma mara tatu. Hapakuwa na birika. Hapakuwa na kikombe wala tone la chai.

Nikakumbuka tope chini ya meza.

Tangu nitoke kijijini nimeingia kumbi nyingi za sinema, na kwa waigizaji mimi ni mkali, wanafunzi wangu wanajua. Lakini leo ukiniuliza ni nani mwigizaji bora niliyewahi kumwona, sitamtaja hata mmoja wa kwenye pazia. Nitamtaja fundi cherehani wa Kisii, aliyesimama mbele ya kina mama kumi waliokwisha kumhukumu wifi yake, akawaonyesha walichokuwa wamekiona kwa macho yao uani kwetu wasikitambue. Hakuwaambia wamekosea. Aliwaambia ni sinema, akaacha wabishane. Na katika ukumbi mzima aliyepiga kelele zaidi dhidi ya mwigizaji alikuwa bintiye yule mama.

Mama ametangulia mbele ya haki, sikuwahi kumwomba radhi. Shangazi Kerubo yupo Sironga, macho yamefifia, na kovu la pasi bado liko mkononi. Nilikwenda kumwona mwezi mmoja baada ya kuiona picha ile. Nilimpa zawadi zake, tukazungumza habari za shamba, mwishowe nikashindwa kuvumilia.

"Shangazi, nimeiona ile picha ya stesheni. Yule mama hakuwa na birika."

Alivuta leso yake mabegani.

"Alikuwa nalo," akasema. "Mimi ndiye niliyemwondolea mkononi."