Fikirini na Gitaa la Sauti Kali

Fikirini alikuwa mpiga solo wa bendi ya dansi pale Ilala tangu hajaota ndevu. Gitaa lake la umeme lilipopasuka shingo, yeye na Winifrida, mwimbaji wa bendi, waliingia Kariakoo kutafuta jingine. Alijua anachotaka: ile sauti ya zamani, nyembamba na kali, inayoruka kama waya uliovutwa ukaachiwa, ikapenya katikati ya ngoma na besi.

Kwenye duka moja la vyombo vya muziki, Mtaa wa Msimbazi, muuzaji aliyeitwa Nurdin alimshushia gitaa jeusi, zito. Fikirini akalijaribu. Likanguruma kama mtu anayeongea ndani ya blanketi.

"Hili zito mno. Nataka lenye sumaku nyembamba ya kunasa mlio wa nyuzi, iliyokaa huku chini nyuzi zinapoanzia. Hapo ndipo mlio unakuwa mkali."

Nurdin akamletea la rangi ya maziwa, ubao mwembamba. Fikirini akasukuma swichi kwenye sumaku ya chini, akapandisha treble, kitufe cha sauti za juu, mpaka mwisho, akapiga uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko yote.

Blanketi lile lile.

Akabadilisha waya. Akabadilisha spika. Akachukua la tatu. Uzi aliuona ukitetemeka, ila kilichomfikia ni kucha kugonga chuma.

"Magitaa yako yamekufa, kaka."

Nurdin alimtazama Winifrida, aliyekuwa ameziba sikio kwa kiganja.

"Fiki, punguza," alisema Winifrida. "Linatoboa masikio."

Fikirini akaanza kukumbuka. Ndege aliokuwa hawasikii asubuhi. Simu za mkewe Swaumu, alizokuwa hazisikii vizuri akasingizia mtandao. Mpiga ngoma aliyemgombeza mazoezini kwamba anayagusa matoazi kama anaogopa kuyaumiza. Hakuwa na kazi nyingine duniani.

"Tuondoke, Wini. Tutakuja siku nyingine."

Akainama kuchomoa waya. Alipoinua uso, Nurdin alikuwa akimtazama kama anayesubiri amjibu mtu. Akageuka. Winifrida alikuwa amesimama nyuma yake.

"Nimekuita mara mbili," alisema. "Imeanza lini?"

Alitaka kusema anasikia vizuri.

"Sijui. Naogopa, Wini. Bendi wakijua, nimekwisha."

"Piga. Mimi nitasikiliza."

Akapiga yote matatu, akimsoma Winifrida usoni kama mgonjwa anavyomsoma daktari. Kwenye lile la rangi ya maziwa alimwona akifumba macho, kisha akatabasamu. Wakalichukua hilo.

Kesho yake Swaumu alimpeleka hospitali. Daktari alisema mishipa ya masikio imechoshwa na kelele za spika. Sauti za juu alizopoteza hazitarudi, zilizobaki zinaweza kulindwa. Fikirini akaomba arudie, na hakuwa na uhakika kama ni masikio au ni hofu iliyomfanya aombe.

Jumamosi alipanda jukwaani na vizibo masikioni. Bendi nzima alikuwa ameshaiambia habari za masikio yake, na hakuna aliyemfukuza. Ilipofika zamu ya solo, Winifrida alisogea pale Fikirini anapomwona na kuinua kidole: ongeza sauti kidogo. Watu wakaingia kucheza. Fikirini aliwaona. Kama uzi wa kwanza ulilia au haukulia, hakujua. Aliendelea kupiga, macho hayabanduki kwenye kile kidole.