Mashine ya Kumrudia Babu

Wazo langu la mchezo, watu wa televisheni hawajanijibu hadi leo. Nililiandika mwaka wa tisini na moja, nikiwa karani Kisumu: fundi redio wa mtaa wa Nyalenda anaunda mashine, anarudi nyuma hadi ujana wa babu yake. Babu niliyemtaka ni wangu, na sikuwahi kumwona. Nikaenda kijijini Usenge kumuuliza shangazi. Alitembeaje? Alivaa kofia gani? Akicheka alisikikaje?

Shangazi aliacha kuanika dagaa wake wa omena. "Unamwona tangu lini?"

"Mwezi mzima," nikajibu, maana kichwani nilikuwa namwona kweli.

Kwetu, marehemu akikujia ndotoni anataka mtoto aitwe jina lake, na mimi nilikuwa na mtoto wa wiki mbili. Jumamosi nikarudi kutoka kazini nikakuta ukoo umejaa nyumbani, kuku wamechinjwa, mtoto ameshaitwa Ogola, jina la babu. Wakanikalisha katikati.

"Waambie alivyokujia," shangazi akasema.

Mke wangu, ambaye alitaka mtoto aitwe jina la baba mkwe wangu, akaniwekea magotini daftari nililoandikia wazo la televisheni.

"Baba Ogola," akasema, "wasomee."