Suruali Yangu Ilitangulia Kufika Ukweni

Kama mlishasikia hapa Mpanda habari za jamaa aliyekutwa shimoni na bukta siku ya kwenda kujitambulisha ukweni, msiulizane tena ni nani, ni mimi Shija, fundi baiskeli wa Makanyagio, na aibu yangu naikubali yote. Ila tuelewane toka mwanzo: aibu ninayo lakini kosa sina, na atakayeniambia nilikuwa mjinga kutafuta mali iliyofukiwa na Mjerumani, nitabishana naye hapa hapa mpaka soda zipate moto.

Ilikuwa miaka ya tisini, nikiwa kijana, na kibanda changu kilipakana na cha Rajabu, fundi redio, ambaye wazazi wake ni watu wa Tanga walioletwa huku na kazi ya reli. Huyo Rajabu alichukua redio mbili mbovu, akazungusha waya wa shaba kwenye sahani ya bati, akafunga kila kitu kwenye mpini wa jembe, basi ukipitisha ile sahani juu ya chuma kilichofukiwa, redio inapiga mluzi. (Nyie chekeni tu, lakini kwa mikono yangu hii nilitoa ardhini senti za zamani zenye tundu katikati, maganda ya risasi, na kifungo cha koti la askari chenye alama ya taji, na mpaka leo ninavyo kwenye kopo.) Kila Jumapili wenzetu wakienda mpirani, sisi tunaingia porini na mashine yetu, na wala hatukuwa tunamwibia mtu.

Sasa nilikuwa nimempenda Kabula, binti wa Kisukuma kama mimi, ambaye familia yao ilihama na ng'ombe kutoka Shinyanga ikapiga kambi Magamba. Tulijuana mnadani, na nyumbani kwao sikuwa nimefika hata siku moja. Posa ilishapelekwa, ikabaki wazee wanione kwa macho yao waseme ndiyo au hapana, na wakisema hapana palikuwa na mchuuzi wa ng'ombe mwenye tumbo lake aliyekuwa anasubiri nafasi, Kabula mwenyewe aliniambia huku analia. Kwa hiyo ile Jumapili ilikuwa ndiyo maisha yangu yote. Baba mdogo wangu, ambaye ndiye alikuwa mshenga, akatangulia asubuhi, mimi na Rajabu tukafuata baada ya chakula cha mchana, kila mtu na baiskeli yake.

Hapa niwaeleze kitu kwa ambao sio wa kwetu. Sisi mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani, ukimwona anakuja unaingia porini, naye akikuona anapinda njia, na kama kuna neno la kuambiana linapitia kwa mtu wa tatu. Hiyo ni heshima, sio uadui. Na kama bahati mbaya amekuona hujavaa, hakuna cha faini wala cha mbuzi, uchumba umekufa palepale.

Tulipokaribia Magamba, Rajabu (ambaye alikuwa ameifunga mashine kwenye baiskeli, ndani ya gunia pamoja na jembe, bila kuniambia, akasema eti wazee wataipenda) akanionyesha sehemu ambayo wazee husema askari wa Mjerumani walipiga kambi, akasema tupime kidogo tu, muda bado upo. Nikasema haya. Hilo neno "haya" ndilo lililonitia matatizoni, lakini nawauliza, nyie mngesema nini?

Mashine ikapiga mluzi ambao hatukuwahi kuusikia. Nikashika jembe. Lakini nilikuwa nimevaa suruali ya kaka yangu, ya kitambaa kizuri, yenye marinda, na siwezi kwenda mbele ya wazee na matope magotini, kwa hiyo nikaivua nikaitundika kichakani, nikabaki na fulana na bukta yangu ambayo nyuma ilishaanza kuchoka. Nikachimba, mluzi unazidi, nachimba, udongo wenyewe ulikuwa laini, nikaja kushtuka shimo limenifika kifuani.

Ndipo wakapita ng'ombe. Na ng'ombe wakikosa chumvi mnawajua, kila chenye jasho ni chakula, na ile suruali ilikuwa imeloa jasho la baiskeli toka Makanyagio. Jike moja jekundu likaivuta kichakani likaanza kutafuna taratibu kabisa. Rajabu akalikimbiza, na lenyewe likatoka mbio kuelekea zizini kwake na suruali inaning'inia mdomoni. Zizi hilo lilikuwa nyuma ya vichaka tu, na lilikuwa la baba yake Kabula, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekaa uani wananisubiri.

Mimi nilibaki shimoni, maana nitatokaje? Nikasema Rajabu atarudi na suruali. Akarudi, ila hakuwa na suruali, alikuwa na wanawake wawili, shangazi yake Kabula na mama yake mzazi, ambao walikuja kuangalia kama mwenye nguo ameliwa na mnyama. Na Rajabu, kwa adabu zake za kwao ambako mama mkwe unampa mkono na mnakunywa naye chai, akawaleta mpaka ukingoni, akainama, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Shija, toka umsalimie mama. Ndiye mama yake Kabula."

Nikainua macho. Yule mama naye alikuwa anachungulia. Macho yetu yakakutana, sawasawa, na bukta yangu chini yake. Akageuka haraka akatupa mgongo, mimi nikajikunja nikavuta lile gunia la kubebea mashine nikajifunika kichwa na mabega.

Wazee nao wakafika. Baba mdogo alikuwa ameibeba suruali kwenye fimbo kama mtu aliyeua nyoka, na baba yake Kabula akauliza kama huyu mliyemleta ni mgonjwa au ni mwizi wa makaburi. Baba mdogo akaniamuru nitoke nijieleze. Nikajibu nikiwa ndani ya gunia:

"Sitoki mama akiwa hapo."

Wakanifokea. Wakasema nawadharau wazee. Shangazi akasema hata jembe hilo ninyang'anywe. Nikakataa, na nitakataa hata kesho, maana ningetoka pale mbele ya yule mama ningekuwa nimemvunjia heshima kuliko vile ng'ombe wao alivyonivunjia mimi. Nikawaambia mali ya Mjerumani natafuta, ndiyo, na sijafukua kaburi la mtu, na sitoki.

Basi baba yake Kabula akatulia, akasema jambo ni moja tu. Akamwambia dada yake, ndiye yule shangazi, "Muulize mama Kabula ameona nini."

Chini ya lile gunia nilijua tayari nimeshamkosa Kabula, maana kweli aliniona, mimi nilijua na yeye alijua, na Kabula alishaniambia mama yake sio mtu wa uongo. Akabaki ametupa mgongo. Kisha akamwambia shangazi, polepole, kila mtu anasikia:

"Waambie nimeona shimo. Mtu sijaona."

Akaondoka zake bila kugeuka. Baba mdogo akanirushia suruali, mguu mmoja umetafunwa mpaka gotini, na ndivyo nilivyokwenda kukaa mbele ya wazee, goti nje, na ndivyo walivyosema ndiyo. Kilichokuwa kinapiga mluzi tulikikuta baadaye, kwa kupiga jembe mara mbili tatu tu: sufuria kubwa la chuma la kupikia askari, limepasuka ukingoni, na baba mkwe alilichukua akalifanya chombo cha kunyweshea kuku.

Sasa nina watoto na Kabula, na kupima vyuma sijaacha wala sitaacha, na wanaocheka na wacheke mpaka wachoke. Nilichoapa ni kimoja tu, kwamba kwenye njia ya kwenda ukweni sishiki jembe, hata wakinionyesha dhahabu inang'aa. Ila kinachoniuma sio vicheko vyenu. Yule mama (na hili liishie hapa hapa kwetu) alidanganya mbele ya mume wake na ukoo mzima kwa ajili ya kijana asiyemjua, na toka siku hiyo nampelekea kitenge kila baada ya mavuno kwa mkono wa Kabula, lakini neno lenyewe la asante nitamwambiaje? Nikimtuma mtu amshukuru, nitakuwa nimesema kwamba aliniona.